Besimenti Imejaa Maji: Kabla Hujawasha Pampu

Saa kumi kasorobo usiku, Aprili 2024, keateka wetu, mtunza jengo, alinigongea mlango, suruali imemlowa hadi magotini. "Mama, maji yamefika kwa mita." Nikavaa gambuti, nikashuka naye. Pale zilipokuwa ngazi za mwisho palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia tuli, na juu yake zinaelea ndala ya mtoto, chupa za soda na mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijizungusha polepole. Kijana wa pampu tuliyemwamsha alikuwa tayari anakunja suruali aingie. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu."

Jengo letu liko Kileleshwa, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Mto Kirichwa Kubwa. Besimenti yake ni kama za ghorofa nyingi za Nairobi: magari, stoo za wapangaji, ubao wa mita za stima, pampu ya kupandisha maji, na chini ya sakafu tangi la maji ya kunywa. Kila kitu kisichopatana na mafuriko kimewekwa mahali pamoja. Usiku ule tulifanya mambo mengi sawasawa na jambo moja vibaya, na hilo moja lilitusumbua kuliko magari yote yaliyozama. Hizi hapa hatua, kwa mpangilio ambao ningeufuata leo.

Hatua ya 1: Ukiwa bado pakavu, zima stima

Maji ya mafuriko yana matope, chumvi na mafuta ya magari, na yanapitisha umeme vizuri sana. Kama soketi, mota ya geti, pampu au ubao wa mita umeguswa na maji, usikanyage ndani, hata yakiwa hayajafika kwenye kifundo cha mguu. Ikiwa unaifikia swichi kuu bila kusimama kwenye maji, izime. Ikiwa iko ng'ambo ya maji, hiyo si kazi yako tena wala ya keateka na mti wa ufagio. Piga Kenya Power, 97771, uwaambie maji yameingia kwenye mita wakate stima kutoka nje.

Na stima ikiwa imepotea mtaa mzima, kama kawaida yake mvua ikinyesha, usiseme afadhali. Inaweza kurudi dakika yoyote, mtu akiwa katikati ya maji. Zima swichi hata kukiwa giza. Jenereta inayojiwasha yenyewe nayo izimwe, na betri za sola vilevile.

Kama stima bado ipo, lifti ipandishwe kwanza ghorofa ya juu kisha izimwe hukohuko, maana mtu mwenye usingizi akibonyeza kitufe cha chini, itamshusha kwenye maji.

Kisha zima pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu. Usiulize kwa nini sasa hivi. Izime tu.

Hatua ya 2: Kama kuna anayelala huko chini

Majengo mengi yana chumba cha askari au bedsita moja mbili kiwango cha besimenti. Mtoe mtu maji yakiwa bado kwenye kisigino, usingoje yafike gotini. Piga hesabu kidogo hapa. Mlango wa upana wa sentimita 90, maji ya nusu mita yakiuegemea kutoka nje huku ndani kukiwa pakavu, unasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 110. Mlango unaofunguka kuelekea nje hausukumiki na mama aliyebeba mtoto. Ukiwa umefungiwa ndani namna hiyo, toka kwa dirisha, na kama dirisha lina grili, piga kelele na upige 999 au 112 mapema. Kila mwenye nyumba aliyeweka grili zisizofunguka kwenye vyumba vya chini alifikiria mwizi peke yake.

Maji yanayoteremka kwa kasi kwenye rampu ni hatari hata yakiwa machache. Sentimita 15 tu za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima. Usiteremke kuokoa gari.

Hatua ya 3: Nusa hewa

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hukaa chini, na hakuna chini kuliko besimenti. Mvuke wa petroli nao hufanya hivyo hivyo. Ukisikia harufu ya mojawapo, hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna kuwasha swichi yoyote, hata ya taa. Fungua milango na madirisha ya hewa, ondoka, acha upepo ufanye kazi yake.

Tochi itoshe. Mshumaa haufai kabisa.

Hatua ya 4: Jua maji yametoka wapi

Watu wengi hurukia kunyonya, wakamaliza, wakalala, wakaamka wakakuta maji yako palepale. Ukijua chanzo utajua pia kama maji ni machafu kiasi gani, na nani wa kupigiwa simu.

Yakiwa yameingia kwa rampu, utaona njia yake: matope yameachwa kama ulimi kuanzia getini, pamoja na majani na karatasi za plastiki. Hilo ni la mtaro wa barabara ulioziba, au rampu iliyojengwa bila tuta.

Yakiwa yametoka kwenye manholi au choo cha chini, harufu itakuambia kabla ya macho. Bomba kubwa la majitaka la barabarani likijaa maji ya mvua hurudisha uchafu kwenye jengo lililo chini kuliko mengine. Funga maji ya vyoo vya jengo zima, waombe wapangaji wa juu wasivute maji chooni wala kufua, na upige simu kampuni ya maji ya Nairobi. Nyumba ya tatu ikivuta maji chooni, yanatokea kwako.

Yakiwa yanajipenyeza ukutani au kwenye nyufa za sakafu, polepole, safi safi, hayo ni ya ardhini. Hapa Nairobi tusishangae sana. Jina lenyewe la mji linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 kambi ilipigwa kwenye tambarare yenye vinamasi. Huko South C na Embakasi udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji na kuvimba. Huku kwetu kwenye udongo mwekundu maji huzama haraka, halafu yanatafuta njia ya kutokea mteremkoni, na njia hiyo mara nyingi ni ukuta wako. Chumvi nyeupe kama unga kwenye plasta ni alama kwamba yamekuwa yakipita hapo miaka na mikaka, mafuriko au pasi na mafuriko.

Na kabla ya kumlaumu Mungu, tazama mita ya maji. Mifereji yote ikiwa imefungwa na mita bado inazunguka, bomba lako limepasuka.

Hatua ya 5: Piga picha

Fanya hivi haraka lakini usiruke. Picha za kiwango cha maji ukutani, namba za magari, vitu vya stoo kimoja kimoja, kabla hujasogeza chochote. Kampuni za bima hupenda picha. Bima ya gari ya mtu wa tatu hailipi kitu kwa gari lako lililozama. Bima kubwa huenda ikalipa, lakini soma kama neno mafuriko limo, kwa kuwa mara nyingine ni nyongeza inayolipiwa kando.

Gari lililofikiwa na maji kwenye injini lisiwashwe hata kwa majaribio. Maji hayabaniki kama hewa. Pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, kitu kitapinda. Toa waya hasi wa betri, ulivute kwa kamba au kwa bredauni, lori la kukokota magari.

Hatua ya 6: Nyonya maji, lakini pole pole

Hapa ndipo nilipomshika mkono yule kijana mara ya pili. Alikuwa anashuka na pampu yake ya petroli ili aiweke kwenye ngazi, karibu na maji, mpira uwe mfupi. Injini ya petroli inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Besimenti yenye mlango mmoja hujaa hewa hiyo kwa dakika chache, na mtu hulegea kabla hajajua kinachomlegeza. Mlango ukiwa wazi bado haitoshi. Pampu ya petroli na jenereta zikae nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na madirisha, moshi ukielekea kwingine. Tuliongeza mpira. Kwa pampu inayokaa juu kumbuka haiwezi kuvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 7 hivi, hata iwe kubwa vipi. Kina kikizidi hapo unahitaji pampu ya umeme ya kuzamishwa, inayolishwa na jenereta iliyo nje, kwa waya usio na kiungo kilicholala majini.

Sasa kasi. Besimenti ya mita 10 kwa 12 yenye maji ya nusu mita ina lita 60,000, yaani tani 60. Lori la eksosta, lile la kunyonya majitaka, la lita 10,000 litakuja mara sita, na kila safari unalipia. Pampu ya inchi mbili inaweza kuyamaliza kwa saa chache. Tatizo ni kwamba huenda hutaki yaishe kwa saa chache.

Mvua ikiwa imelowesha ardhi siku kadhaa, udongo ulio nyuma ya ukuta nao umejaa maji, unausukuma ukuta kuelekea ndani. Maji yaliyo ndani yanausukuma kuelekea nje. Ukiyatoa yote ghafla, ukuta unabaki na mzigo wa upande mmoja, na unaweza kupasuka, au sakafu ikanyanyuka. Maji yakiwa ya kifundo cha mguu hili si la kukunyima usingizi. Yakifika kiunoni, fanya hivi: chora mstari wa chaki ukutani kwenye usawa wa maji. Punguza sentimita 30 hivi. Chora mstari mwingine, zima pampu, ulale. Asubuhi, maji yakiwa yamepanda juu ya mstari wa pili, ardhi bado imejaa. Punguza tena hadi kwenye mstari, usubiri siku nyingine. Yakiwa hayajapanda, endelea sentimita 30 nyingine. Kijana wangu alicheka, akasema kazi ya saa tatu nimeifanya ya siku tatu. Ni kweli. Mistari mitatu ya chaki ingali ukutani.

Maji yatoke kuelekea mtaro wa mvua ulio chini ya jengo lako, si kwenye manholi ya majitaka, na si kwa jirani. Yakiwa na utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi, mwite mwenye eksosta ayachukue, usiyasukume mtoni.

Hatua ya 7: Tangi la chini

Hili ndilo nililoahidi. Kifuniko cha tangi letu kilikuwa sawa na sakafu, chuma chepesi chenye tundu la kidole. Kwa hiyo maji ya kwanza kabisa kuingia besimenti, sentimita moja tu, yalianza kumiminika ndani ya tangi la kunywa muda mrefu kabla ya kufika kwenye mita na kumwamsha keateka. Na pampu ya kupandisha maji, kwa uaminifu wake wote, ilikuwa inayasukuma juu. Tulipozima stima, tangi la paani lilikuwa limeshajaa. Mfereji wa jikoni ukatoa maji yasiyo na rangi ya kutisha, na watu wakapika chai. Siku ya tatu watoto wa nyumba mbili walianza kuharisha.

Kwa hiyo: tangi lililofunikwa na mafuriko lihesabiwe limechafuka, hata maji yakionekana safi. Mwandikie kila mpangaji usiku huohuo, kwenye kikundi cha simu na kwa karatasi ngazini, kwamba maji ya mfereji si ya kunywa, ya kupiga mswaki wala ya kuosha mboga. Nunueni ya chupa, au mchemshe maji yaliyotoka kwingine. Kuchemsha huua vijidudu. Petroli na dawa za panya havichemki vikaisha.

Halafu lisafishwe hivi. Toa maji yote. Lakini kama ni tangi la plastiki lililozikwa na ardhi bado imelowa, usilimalize, kwa sababu tangi tupu ndani ya udongo uliojaa maji huelea na kung'oka na mabomba yake. Ngoja ardhi ikauke. La zege halina tatizo hilo kwa kawaida. Fungua kifuniko muda mrefu hewa iingie, na anayeshuka afungwe kamba, mwenzake abaki juu akimwona na kumsemesha. Asishuke mtu wa pili kumfuata wa kwanza aliyenyamaza. Hivyo ndivyo mashimo huua watu wawili badala ya mmoja. Toa matope, sugua kuta kwa brashi na sabuni kidogo, suuza, toa maji hayo.

Jaza maji safi, tia klorini. Kwa dawa ya kung'arisha nguo isiyo na manukato, iliyoandikwa asilimia 3.5, hesabu ni lita moja na nusu kwa kila lita 1,000 za maji, yaani lita 15 hivi kwa tangi la lita 10,000. Ukipata yenye nguvu zaidi, punguza kwa kadiri hiyo. Pandisha maji hayo kwenye tangi la juu, ambalo nalo limeshasuguliwa, fungua kila mfereji wa kila nyumba hadi harufu ya klorini itoke, kisha funga. Acha saa 24. Watu wasiyaguse kwa kunywa wala kuoga. Mwaga yote, suuza, jaza upya. Ndiyo, ni maji mengi ya kumwaga katika mji ambao maji huja kwa zamu. Tulinunua boza mbili. Hakuna aliyelalamika baada ya yale ya watoto.

Hatua ya 8: Matope, nguo na karatasi

Gambuti, glavu za mpira, na kidonda chochote kifunikwe. Maji haya hubeba mkojo wa panya na vinyesi, na pamoja navyo kipindupindu na homa ya matumbo. Aliyekatwa na bati au msumari aende kliniki aulize sindano ya pepopunda siku hiyohiyo. Akipata homa na maumivu ya misuli wiki zinazofuata, amwambie daktari kwamba alifanya kazi kwenye mafuriko.

Toa matope yangali mabichi, kwa beleshi na mpira wa kusukumia maji. Yakikauka huwa kama tofali. Osha kwa maji na sabuni kwanza, ndipo upake dawa, kwa sababu klorini ikikuta matope huishia kwenye matope. Kwa dawa ya asilimia 3.5, kikombe kikubwa cha mililita 300 kwenye ndoo ya lita 10 kinatosha sakafu na kuta. Palipoguswa na majitaka, sehemu moja ya dawa kwa sita za maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Inatoa hewa inayochoma mapafu.

Godoro la sponji, zulia nene, unga, mahindi ya gunia na kabati la mbao za kubandikwa, vyote vitupwe. Najua uchungu wa godoro. Sufuria na vyombo vya kauri vioshwe kwa maji moto na sabuni, viloweshwe kwenye dawa, vitumike.

Vyeti vya shule na hatimiliki vilivyolowa usivianike juani wala kuvipiga pasi. Vitie kwenye mfuko wa plastiki, uviweke kwenye friza. Vikiganda ukungu hauwezi kuota, nawe utapata wiki kadhaa za kuvikausha karatasi moja moja, au kumtafuta anayejua. Jirani aliniazima droo moja ya friza yake, hatimiliki ya babake mtu ikalala juu ya samaki.

Hatua ya 9: Kausha

Ukungu huanza kuota siku moja au mbili baada ya kulowa. Fungua kila kitu, weka feni stima ikishakaguliwa na fundi mwenye leseni. Gipsamu iliyolowa ikatwe, kwa kuwa haitarudi. Kuta za mawe zinavumilia, lakini zinachukua wiki nyingi, pengine miezi, na mpaka rangi anayekuahidi kumaliza Ijumaa anakuuzia rangi ya kubanduka. Bandika kipande cha plastiki ukutani kwa selotepu pande zote nne, uache siku moja. Umande ukijikusanya upande wa ukuta, bado kuna maji ndani. Ngoja.

Na jiko la makaa lisiingizwe kukausha chumba kilichofungwa. Ni hewa ileile ya sumu ya pampu ya petroli.

Kabla ya mvua nyingine

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo una vipindi viwili vya kujitayarisha. Juu ya rampu tumejenga tuta la sentimita 15 na mbele yake mtaro wenye wavu wa chuma, ambao huzolewa takataka kila Jumamosi. Kwenye bomba la majitaka kuna valvu ya kuzuia uchafu kurudi. Kwenye kona ya chini kabisa ya besimenti tumechimba shimo la pampu, na pampu ni mbili, moja ikisubiri ya kwanza ife, zote kwenye laini ya jenereta. Mita zimehamishiwa ghorofa ya kwanza. Tuna magunia ya mchanga thelathini, yamejazwa nusu tu ili yalale yakashikana kama matofali.

Kifuniko cha tangi sasa kina ukingo wa zege wa sentimita 40, kina mpira na kufuli, na bomba la kumwagia maji ya ziada limepandishwa juu ya mstari wa kwanza wa chaki. Siku ya kwanza ya Machi na siku ya kwanza ya Oktoba, keateka humwaga ndoo tatu za maji kwenye shimo la pampu, akainama kusikiliza kama boya litanyanyuka na mota itaguruma. Mwaka huu, mwezi Machi, haikuguruma: panya alikuwa amekula waya.